Nukta Moja ya Bonde la Lusima

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Anayeishi humo anaijua, na asiyeishi humo ashukuru. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi yenye sheria kali dhidi ya uongo. Aliyepatikana na hatia ya kupika takwimu alikuwa akifungwa miaka saba, na tangu uhuru hakuwa amefungwa hata mtu mmoja, kwa kuwa hakuna aliyepika. Takwimu zote za nchi hiyo zilikuwa za kweli. Kilichokuwa kikishughulikiwa ni namna ya kuzionyesha tu.

Kazi hiyo ilikuwa ya Idara ya Mwonekano wa Takwimu. Ni idara hii iliyoilaza ubavu grafu ya bei ya mchele, ili mstari usipande juu bali uende mbele, na redio ikatangaza kwamba bei zinasonga mbele. Ni idara hii iliyochora ramani ya njaa kwa rangi ya mahindi yaliyokomaa, ikapendeza mpaka wilaya zenye shibe zikaandika barua kulalamika kwamba zimesahauliwa. Ramani ya mafuriko, kwa vile ilikuwa na buluu nyingi, ilitundikwa kwenye ukumbi wa hoteli ya serikali, na maharusi wakawa wanapigia picha mbele yake.

Kabla ya kufika kwa wananchi, kila ramani ilipaswa kupita Kipimo cha Mlo. Wapimaji watatu waliketi mezani saa saba mchana, wakaletewa pilau ya kuku na kachumbari, na ramani ikatundikwa ukutani mbele yao. Pembeni alisimama karani mwenye saa na daftari. Wapimaji walikula huku wakiitazama ramani. Kama wote watatu walimaliza sahani zao bila kusita, ramani iligongwa mhuri. Kama hata mmoja aliacha kutafuna, ramani ilirudishwa kwa mtafiti ikarekebishwe. Mwongozo wa Idara ulilieleza jambo hili kwa ufupi: "Onyesho lenye tija ni lile ambalo mtazamaji huliona lote na lisimzuie kumeza."

Stara Mbelwa aliusoma mwongozo huo mara mbili siku aliyoajiriwa, akadhani ukurasa mmoja umekosewa kuchapwa.

Alikuwa msichana wa sauti ndogo. Chuoni alikuwa akijibu maswali vizuri kwenye karatasi na vibaya mdomoni, na mwalimu wake wa jiografia alimwambia, "Wewe chora. Ramani itakusemea." Stara akaliamini neno hilo kwa moyo wote. Kwa hiyo Idara ilipomtuma Bonde la Lusima kutafiti vifo vya watoto, hakuenda na maneno. Alienda na daftari, penseli na viatu vya kutembelea.

Bonde lilikuwa na vijiji tisa na lambo moja la maji ya kijani, lililotumiwa na ng'ombe na watu bila kubaguana. Stara alikaa huko miezi minne. Katika kijiji cha Nkwera alipewa chumba na mama mmoja, Mama Semeni, ambaye alimpikia, akamfulia, na usiku wa tatu akamtajia jina la mwanawe. Sikitu, miaka minne, alihara siku mbili tu. Stara aliliandika jina hilo kwenye mstari wa ishirini na tatu. Alipomaliza vijiji vyote tisa, mistari ilikuwa imefika mia moja themanini na saba.

"Sasa haya majina yanakwenda wapi?" Mama Semeni alimuuliza siku ya kuondoka.

"Kwenye ramani, mama. Nchi ina mtambo mmoja wa kuchimba visima. Unakwenda kule ramani inakoonyesha nukta. Ramani yangu ikipita, mtambo utakuja kabla ya masika."

"Na isipopita?"

Stara alicheka kidogo. Alikuwa na ushahidi wa watoto mia moja themanini na saba. Isipite vipi?

*

Ramani ya kwanza aliichora kwa mkono wake mwenyewe. Nukta moja nyekundu, mtoto mmoja. Aliifanya kazi hiyo wiki nzima, na kila alipoweka nukta alilisoma jina kwanza.

Siku ya kipimo, pilau ililetwa, wapimaji wakanawa, karani akatazama saa. Mpimaji wa kwanza alikuwa na shavu limejaa. Wa tatu alikuwa akichagua nyama. Wa pili, Bwana Kinyogoli, mstaafu mwenye kipara kinachong'aa, aliinua paja la kuku, akaliangalia bonde lile jekundu, na paja likabakia hewani.

"Wote hawa?" aliuliza.

Karani akaandika: Dakika ya nne, mpimaji namba mbili amesita.

"Wote hawa ni watoto?" Bwana Kinyogoli aliuliza tena, akalirudisha paja kwenye sahani. Siku iliyofuata alipewa likizo ya matibabu ya meno, ingawa meno yake yalikuwa mazima, na nafasi yake ikachukuliwa na mtu mwenye hamu ya kula.

Stara aliitwa na Mkurugenzi, Dakta Mlawila, mtu mwenye suti tatu na kicheko kimoja. Alimkaribisha kiti, akamwagizia chai.

"Binti yangu," alisema, "nimeiona kazi yako, nikajiambia: huyu ni mtafiti. Data safi. Data ya kutembelewa kwa miguu. Nakuhakikishia mbele ya picha ya Mlezi Mkuu wa Taifa, hapa hakuna mtu atakayegusa tarakimu yako hata moja."

"Ahsante, Mheshimiwa."

"Tutagusa ufunguo tu."

"Ufunguo wa ramani?"

"Hapo chini, kwenye kona, umeandika nukta moja ni mtoto mmoja. Kwa nini mmoja? Nani amesema mmoja? Hata kwenye vitabu vyenu vya chuo, nukta inaweza kuwa watu mia, elfu, laki. Weka watano."

Stara alitaka kusema kitu, lakini kweli vitabu vilisema hivyo. Akanywa chai yake, akaenda kuweka watano.

Nukta zikawa thelathini na tatu. Mpimaji wa kwanza akanywa maji katikati ya tonge, na karani akaandika kwamba amekunywa bila kiu. Ramani ikarudi. Dakta Mlawila akasema weka kumi, na nyekundu iwe kijani, maana kijani ni rangi ya ustawi.

Kwa ufunguo wa kumi, zilibaki nukta kumi na nne, na vijiji viwili vya juu ya bonde vikatoweka kabisa. Kimoja kilikuwa na watoto tisa, kingine saba.

"Mheshimiwa, hawa kumi na sita wako wapi sasa?" Stara aliuliza.

"Wako kwenye data, binti yangu. Hakuna aliyewatoa."

"Lakini kwenye ramani hawaonekani."

"Kuwepo ni jambo moja na kuonekana ni jambo jingine. Mimi nipo, lakini mke wangu mchana kutwa hanioni. Je, nimekufa?" Alicheka kile kicheko chake kimoja. "Watu huko nje wanasema tunapika takwimu. Uongo mtupu. Sisi si wapishi, Stara. Sisi ni wapakuaji."

Kwa nukta kumi na nne za kijani, mpimaji wa tatu alihema. Hakuacha kula, alihema tu, lakini karani alikuwa mtu wa kanuni. Ramani ikarudi mara ya tatu, na safari hii Mkurugenzi hakumwagizia chai.

"Weka hamsini," alisema.

Stara alipiga hesabu hapohapo kichwani. Nkwera, kijiji kilichopoteza wengi kuliko vyote, kilikuwa na arobaini na mmoja. "Hamsini hakuna kijiji kinachofika, Mheshimiwa. Bonde zima litakuwa tupu."

"Tupu si neno la kitaalamu. Sema litakuwa safi."

"Basi tuhesabu bonde lote kwa pamoja. Watapata nukta tatu."

"Nukta ni za vijiji. Bonde lina mwenyekiti? Lina mhuri? Nukta hizo nimkabidhi nani, mto?"

Siku hiyo wapimaji walikula wakaongeza. Mmoja alijinyoosha kwenye kiti akasema kwamba miaka yote ya kazi hajaona bonde linalotuliza roho kama lile. Kwa Idara, ramani ilikuwa tayari kupigwa mhuri. Kilichobaki ni saini ya mtafiti, na Stara akaomba wiki mbili za kuhakiki. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema uongo kazini. Ulipokelewa vizuri, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba wiki mbili zinaweza kubadili kitu.

*

Alipofika Nkwera hakujua aanzie wapi. Mama Semeni alikuwa anapepeta mpunga uani. Stara alimwamkia, akaketi kwenye kinu kilichogeuzwa, akalia kwanza, halafu akaeleza.

Mama Semeni alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta.

"Kwa hiyo ili mtambo uje kwetu, kijiji kiwe na wangapi?"

"Hamsini, mama."

"Na sisi tunao arobaini na mmoja."

"Ndiyo."

"Basi bado tisa," alisema Mama Semeni. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu vikombe kabla ya wageni kufika.

Stara akaziba uso kwa mikono.

"Usilie, mwanangu, nisikilize. Chipindi hapo ng'ambo wanao wangapi?"

"Kumi na sita."

"Tukiwa kijiji kimoja na Chipindi?"

Stara akaondoa mikono usoni. Arobaini na mmoja na kumi na sita ni hamsini na saba.

Jioni hiyo wazee wa vijiji viwili walikutana, wakabishana. Wa Chipindi walisema wa Nkwera ni wezi wa mbuzi, wa Nkwera wakasema mbuzi wenyewe wa Chipindi hawaibiki kwa kukonda. Kisha Mama Semeni akasimama akawaambia, "Watoto wetu wamelala kiwanja kimoja pale katikati, na hawagombani. Ninyi mnagombania nini?" Ilikuwa kweli. Ardhi yote ya pale ilikuwa mwamba, isipokuwa kipande kimoja cha udongo laini kati ya vijiji viwili, na huko ndiko wote walikozika. Asubuhi wenyeviti wawili wakaongozana na Stara kwenda wilayani kuomba kuungana.

Afisa wa wilaya aliifunua fomu. "Kuungana kunahitaji mahali pamoja pa kukutania. Mna soko moja?"

"Hatuna soko."

"Shule?"

"Hatuna."

"Sasa mnakutana wapi?"

"Makaburini," alisema mwenyekiti wa Chipindi.

Afisa akaangalia fomu. Haikukataza. "Mnakutana huko mara ngapi?"

"Karibu kila wiki."

"Vizuri sana," alisema afisa, akaandika, akagonga mhuri. "Kuna vijiji vinavyokutana mara moja kwa mwaka."

*

Stara alirudi Idarani akachora ramani ya tano. Nchi nzima ilikuwa nyeupe, kwa kuwa kwingine hakuna kijiji kilichofika hamsini, na katika Bonde la Lusima palikuwa na nukta moja ya kijani. Aliiweka kama alivyofundishwa chuoni: nukta hukaa katikati ya eneo inaloliwakilisha. Alipima kwa rula kutoka mpaka hadi mpaka wa kijiji kipya, akapata kitovu, akaidondosha pale. Alikuwa na furaha.

Dakta Mlawila alikunja uso, lakini sheria ilikuwa sheria, na kijiji kilikuwa na mhuri. Ramani ikapelekwa mezani. Wapimaji wakala. Yule wa tatu aliiona nukta, akadhani ni inzi, akaipungia mkono iondoke, akaendelea na kachumbari. Hakuna aliyesita. Karani akafunga daftari.

Wiki hiyohiyo Idara ilitoa waraka wa kupiga marufuku vijiji kuungana "kwa malengo ya kitakwimu". Vijiji saba vilivyobaki vya bonde vilikuwa vimeshaandika barua zao. Barua hizo zilipokelewa, zikapewa namba na kuhifadhiwa masijala.

Ramani ilizinduliwa na Mlezi Mkuu wa Taifa mwenyewe. Bendi ilipiga, pazia likavutwa, na Mlezi Mkuu akaitazama nchi yake nyeupe kwa muda mrefu.

"Wananchi," alisema, "majirani zetu wana ramani zilizojaa madoadoa kama ngozi ya mgonjwa wa surua. Sisi tuna nukta moja! Na mimi natangaza vita dhidi ya nukta hiyo. Naagiza mtambo uondoke leo, na uchimbe papo hapo kwenye nukta. Si kushoto, si kulia. Kwenye nukta!"

Watu wakapiga makofi. Stara, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa karibu na nguzo, akapiga makofi kuliko wote.

*

Mtambo uliingia bondeni siku tatu baadaye, mawingu ya masika yakiwa tayari yamejikusanya upande wa milima. Uliongozwa na Fundi Mgaya, mtu mrefu mwenye kofia iliyojaa madoa ya mafuta. Alikuwa na kifaa cha kupokea satelaiti, akakishika mbele ya tumbo kama mtu anayebeba bakuli la uji wa moto, akatembea. Watu wa Nkwera na Chipindi wakamfuata. Stara alikuwa kati yao, amemshika Mama Semeni mkono.

Fundi alipita nyumba ya mwisho. Akapita uzio wa miba. Akaingia kwenye udongo laini, kati ya vilima vidogo vilivyozungushiwa mawe, kila kimoja na kikombe cha mtoto kimefunikwa juu yake, kama ilivyo desturi ya huko. Kifaa kikalia. Fundi akasimama.

"Hapa," alisema, kisha akatazama chini, akavua kofia.

Stara akauachia mkono wa Mama Semeni, akasogea mbele.

"Fundi," alisema, "hapa ni makaburini."

"Naona, dada."

"Sogeza hatua arobaini tu. Pale chini udongo bado ni laini, na hakuna mtu."

"Pale kuna nukta?"

"Nukta si mahali, fundi! Nukta ni idadi. Ni watoto hamsini. Mimi ndiye niliyeichora. Niliiweka katikati kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa. Haimaanishi hapa."

"Dada, wewe umesoma," Fundi Mgaya alisema taratibu. "Mimi nimepewa nukta. Mwenzangu mwaka juzi alisogeza mtambo, kisima kikaangukia kwenye bustani ya mkubwa mmoja. Tangu hapo ikawekwa sheria: ukichimba nje ya nukta, jela. Ni sheria nzuri tu. Iliwekwa kuzuia wizi."

Stara akampigia simu Mkurugenzi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alipiga kelele kwenye simu. Dakta Mlawila alimsikiliza kwa upole wote.

"Nakuelewa, binti yangu, na roho inaniuma. Lakini ramani imeshagongwa mhuri, Mlezi Mkuu ameizindua. Nikiihamisha nukta sasa, tena kwa kukuonea huruma, hiyo itakuwa nini? Itakuwa ni kupika takwimu. Unataka tufungwe?"

Simu ikakatika. Fundi akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati. Iliandikwa: Mtafiti athibitishe kwamba mahali hapa ndipo palipoonyeshwa kwenye ramani. Chini palikuwa na nafasi ya saini.

"Usipotia saini sikulaumu," alisema. "Nitawasha gari nirudi. Lakini lazima nivuke mto kabla mvua haijanyesha, kwa hiyo ni leo."

Wanaume wakaanza kuzozana. Mmoja wa Chipindi alisema atamkata mtu. Mwingine akamuuliza utamkata nani, nukta? Wanawake walikuwa wameketi chini, kila mmoja kando ya kilima chake, na Stara akaona kwamba hawakuketi ovyo. Akaikumbuka ramani yake ya kwanza. Ilikuwa hivihivi.

"Mtambo ukiondoka utarudi?" Mama Semeni alimuuliza fundi.

"Nukta ikirudi, mama."

"Na tukiwahamisha watoto sisi wenyewe, kwa mikono yetu, utatungoja?"

"Mpaka saa nane nitangoja. Na vijana wangu watawasaidia."

Mama Semeni akageuka akatazama upande wa lambo. Wasichana wawili wadogo walikuwa wameinama huko na madumu yao, wakisukuma povu la kijani kwa kiganja ili wapate maji. Aliwatazama mpaka madumu yakajaa. Kisha akatembea kati ya vilima, akainua vazi lake asikanyage, mpaka kwenye kilima cha pembeni. Akapiga magoti, akakiokota kikombe cha buluu, akakipangusa vumbi kwa ncha ya khanga, akakifutika kiunoni.

"Tia saini, mwanangu," alimwambia Stara. "Na ninyi nileteeni jembe. Tutaanza na wangu."